Nati, Nyuzi na Mbavu: Uhakiki wa Orodha ya Istilahi za Uundaji wa Gitaa

Mezani petu imefika orodha ya istilahi za uundaji wa gitaa, ikiambatana na mwongozo mfupi uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya mafundi seremala wa Kilwa na pwani ya Lindi wanaotaka kuunda ala hiyo kwa mikono, katika karakana za nyumbani. Walioiandaa wameomba isanifishwe. Nia yao ni njema na bidii yao inaonekana. Hata hivyo, makosa yaliyomo ni ya aina tunayokutana nayo katika miswada mingi, iwe ya ufundi, ya kilimo au ya sheria; kwa hiyo tumeona ni vyema tuihakiki hapa mbele ya wasomaji wetu, badala ya kuirudisha kimyakimya kwa barua.

Kwa nini Kilwa? Sababu ni mpingo. Mti huu hukua polepole mno. Huchukua miaka sabini hadi mia moja kufikia unene wa kuvunwa, na moyo wake mweusi ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kwa miaka mingi umetumika Ulaya kutengenezea zumari za aina ya klarineti na obo, na mafundi wa gitaa wa nje huutumia kwa migongo, mbavu na ubao wa shingoni. Shina lake hupindapinda na kuwa na mapango, hata mara nyingi kisichofika sehemu moja ya kumi ya gogo ndicho kinachofaa kwa ala za muziki. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, viliingia katika cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, na hicho kilikuwa cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Basi si ajabu kwamba mtu fulani amejiuliza kwa nini mbao hiyo isafiri maelfu ya maili ndipo iitwe gitaa.

Tuliichukua orodha hiyo tukaenda nayo Kilwa Masoko, uani kwa fundi mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi za majahazi kabla ya kugeukia milango na vitanda. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa utulivu, akafika kwenye maneno "nati ichongwe kwa mfupa wa ng'ombe na ibandikwe kwa gundi juu ya shingo," akavua miwani. "Mwalimu," alituuliza, "nati hii ya mfupa inakazwa kwa spana ya ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Nati, kwa kila Mswahili aliyewahi kushika baiskeli, ni kile kidude cha chuma kinachozungushwa kwenye boliti. Mfasiri ameona neno moja la Kiingereza lenye maana nyingi, akachukua maana aliyoizoea. Kinachokusudiwa ni kipande chembamba chenye mifuo, kinachokaa pale kichwa cha gitaa kinapokutana na shingo. Nyuzi hukivuka zikitoka kwenye vigingi kuingia uwanja wa vidole. Tulimweleza fundi kazi yake bila kukitaja jina. Akasema, "Hicho ni kizingiti." Nasi twaona kwamba hakuna la kuongeza. Kizingiti ndipo mtu anapovuka kutoka nje kuingia ndani, na katika pwani ambayo milango yake ya nakshi imesifiwa tangu zamani, kila seremala anajua kizingiti ni mbao gani.

Upande wa pili wa nyuzi, juu ya daraja, kuna kipande kingine cha mfupa ambacho orodha inakiita tandiko. Kwa tafsiri ya Kiingereza ni sahihi. Lakini tunatoa tahadhari kwa wafasiri wanaotumia vitabu vya Kijerumani, na vitabu vya ufundi huu katika lugha hiyo si haba: Wajerumani hutumia neno lao la tandiko kwa kile tulichokwisha kukiita kizingiti. Mfasiri mmoja akitoka Kiingereza na mwenzake akitoka Kijerumani, wote wakifuata neno badala ya kitu, tutapata miongozo miwili ya Kiswahili inayopingana, na kila mmoja ataapa kwamba amefasiri kwa uaminifu.

Kosa la pili ni zito zaidi, maana halichekeshi. Orodha inatumia neno "nyuzi" kwa zile zinazopigwa, na tena kwa zile nyuzinyuzi za asili ndani ya mbao. Mwongozo unaamuru: "nyuzi za uso ziende sambamba na nyuzi." Msomaji mwerevu atakisia, mwanafunzi hatakisia, na ubao utakuwa umekwisha kukatwa. Uso wa gitaa, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, una unene wa milimita mbili na nusu hivi. Nyuzi sita za chuma huuvuta kwa nguvu inayozidi kilo sabini, na hata zile za nailoni hukaribia arobaini. Ubao mwembamba hivyo huhimili mvuto huo kwa kuwa nyuzinyuzi zake zimelala kuelekea upande uleule unaovutwa. Zikikatwa kinyume, uso hubonyea au kupasuka. Twapendekeza "nyuzi" libaki la muziki peke yake, na la mbao liwe "nyuzinyuzi" kila mahali, bila ubaguzi. Kurudufu huku kwa shina si uzushi wetu. Walimu wa sayansi na wa lishe wanalo tayari.

Jambo hilohilo limetokea katika neno "mbavu." Orodha inaziita mbavu zile mbao mbili za pembeni zinazopindwa kwa maji na moto, na inaziita mbavu pia zile fito nyembamba zinazobandikwa kwa ndani ili kuupa uso nguvu. Hapa fundi wetu hakuhitaji hata kuelezwa. Aliponyoosha kidole kwenye mchoro wa gitaa lililofunuliwa, alisema mataruma. Taruma ni ule mti unaowekwa ndani ya chombo cha baharini kushikilia mbao za ubavuni. Jahazi la pwani yetu hujengwa kwa kuanza na mkuku na mbao za nje, kisha mataruma huingizwa kwa ndani. Uso wa gitaa nao hurandwa kwanza, kisha hutiwa mataruma. Tulijaribu kulipinga pendekezo hilo, kama kazi yetu inavyotutaka. Tulimwambia kwamba taruma la jahazi huchaguliwa kutoka kwenye mti uliopinda kwa asili, ilhali haya ni manyoofu. Alijibu kwamba yeye hajali umbo, anajali linachoshikilia. Tumekubali. Mpangilio wa mataruma, ambao ndio siri kubwa ya sauti ya gitaa, sasa unaweza kuelezwa kwa Kiswahili kisichoyumba: mafundi wanaomfuata Antonio de Torres, Mhispania aliyefariki mwaka 1892, huyatandaza mataruma saba mfano wa upepeo, wale wanaofuata njia iliyotiwa nguvu na jamaa ya Martin huko Marekani huyapitanisha mawili makubwa mfano wa herufi X. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa "mbavu," huku mbavu nyingine ziko pembeni, nawe utaona.

Lakini tusidhaniwe kuwa tunaabudu maneno ya mafundi wazee. Yako mahali ambapo karakana haina neno, na kulilazimisha ni kujidanganya. Kwa vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa shingo, orodha imebuni neno "kipingo," kutokana na pingo, kitu kilichopitishwa kati. Kwa sarufi ni neno safi. Kwa matumizi ni balaa, kwa kuwa ubao wenyewe ni wa mpingo, na mwongozo unaishia kusema "vipingo vya mpingo" pale unapotaka kusema vijiti vya chuma vilivyopigiliwa kwenye mpingo. Sisi twashauri "freti." Wapigaji wa dansi waligawana gitaa la solo, la rithimu na la besi bila kusubiri kamati yoyote, na tangu enzi za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, hakuna aliyelalamika kwamba hakuelewa. Neno lililotoholewa na likakaa midomoni si aibu ya lugha. Basi na "ubao wa vidole," ambao unamfanya msomaji afikirie ubao uliota vidole, uwe ubao wa freti.

Tukiwa hapo kwenye freti, tuseme pia juu ya "mizani ya gitaa." Hili ni kosa la kufungua kamusi na kuchukua jibu la kwanza. Hakuna kinachopimwa uzito. Kinachozungumzwa ni urefu wa ile sehemu ya uzi inayotikisika, kutoka kizingiti hadi tandiko, na freti zote hupimwa kutokana nao. Urefu ukiwa milimita 650, fundi huugawanya kwa 17.817, apate takribani 36.5, ndipo freti ya kwanza. Kinachobaki hukigawanya tena kwa namba ileile apate 34.4 kwa freti ya pili. Na akienda hivyo bila kukosea, ya kumi na mbili itaangukia katikati kabisa, kwenye 325. Mwanafunzi anayeambiwa tu "urefu wa uzi" atapima kuanzia kigingini, na gitaa lake halitaimba sawa maisha yake yote. Twapendekeza "urefu huru," na tunakiri kwamba hatulipendi sana. Mwenye bora na alete.

Kuhusu zana hatuna mengi. Randa, tupa, patasi, msasa, jiliwa na kalibu zilikuwepo kabla ya orodha, na haikuwa lazima kuziita "kifaa cha kulainishia" au "umbo la kupindia." Kugota ubao na kuusikiliza ni kugota, "upimaji wa mwitiko wa sauti kwa mguso" tumeufuta wote. Rozeti nayo ni nakshi ya tundu.

Sehemu iliyotushughulisha zaidi ni kurasa mbili za mwisho, zinazohusu kibali, na hapa tunawaomba watumishi wa serikali wasome kwa makini. Mkutano wa CITES wa Johannesburg, mwaka 2016, uliiweka karibu jamii yote ya Dalbergia, pamoja na mpingo, katika Kiambatisho cha Pili, kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2019 ulilegeza sharti hilo kwa ala za muziki zilizokamilika, sehemu zake zilizokamilika na vifaa vyake vilivyokamilika. Neno zima la sheria liko katika huko kukamilika: sehemu iwe tayari kufungwa kwenye ala, imechongwa kwa kazi hiyo mahsusi. Orodha inatumia "kipande" kwa yote, kwa ubao uliopasuliwa tu kutoka kwenye gogo na kwa ubao wa freti uliokwisha kuchongwa na kutiwa mifuo. Fundi akiandika kwenye fomu "vipande kumi vya gitaa," afisa hana njia ya kujua kama mzigo unahitaji kibali au la. Ataushikilia, na atakuwa na haki. Au atauachia, na mpingo ghafi utapita kwa jina la gitaa. Tunapendekeza, na katika hili hatutalegea, "kipande ghafi" kwa cha kwanza na "sehemu kamili" kwa cha pili, na fomu zote za Kiswahili zifuate hivyo.

Limebaki daraja. Kwenye fidla nyuzi hulivuka kweli, lakini kwenye gitaa hufungwa hapo na kuishia hapo, na daraja lisilovukwa ni jina la mashaka. Fundi wa Masoko aliliacha wazi kwenye nakala yake, akasema ataulizia Kivinje. Wasomaji wa Rushungi, Mchinga na Mikindani wenye neno la mahali kamba inapofungwa ikakomea watuandikie kabla ya orodha kurudishwa kwa wenyewe.