Samsø: Upepo wa Umeme, Mabua ya Joto

Mwaka 1997 serikali ya Denmark iliendesha shindano la kutafuta kisiwa kitakachohamia nishati jadidifu ndani ya miaka 10, kwa teknolojia iliyokwisha kupatikana sokoni. Kilishinda Samsø, kisiwa cha wakulima chenye watu wapatao 4,000. Sifa zote huenda kwenye mitambo yake ya upepo. Mimi naona kazi nzito zaidi ilifanyika chini ya ardhi, kwenye mabomba ya maji moto.

Wahandisi hupima ukomavu wa teknolojia kwa ngazi 9, kipimo kilichoanzia NASA. Ngazi ya 9 ni ya kifaa ambacho tayari kinafanya kazi mahali pake halisi. Mtambo wa upepo wa nchi kavu ulikuwa umefika huko: Johannes Juul alijenga wa Gedser, wa kilowati 200, mwaka 1957. Kwa hiyo Samsø haikusita kusimamisha mitambo 11 ya megawati 1 kila mmoja. Kufikia 2003 ikaongeza 10 baharini, ya megawati 2.3.

Bahari ina mtihani wake. Huko Horns Rev, kwenye Bahari ya Kaskazini, mitambo 80 iliyoanza kazi 2002 ilipata hitilafu za transfoma na jenereta, na mwaka 2004 vichwa vya mitambo yote vikashushwa na kurudishwa nchi kavu kutengenezwa. Mtambo uliofaulu shambani haujafaulu baharini mpaka ujaribiwe huko huko.

Sasa joto. Samsø haikuubebesha upepo kazi ya kupasha nyumba joto, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Upepo hauna ratiba, lakini robota la mabua ya ngano hukaa ghalani likingoja usiku wa baridi kali. Marobota huchomwa kwenye boila la pamoja, maji yakapata moto, yakapita kwenye mabomba yaliyofungwa vizuri yasipoteze joto, hadi kila nyumba iliyounganishwa. Ndani ya nyumba, boila la zamani la mafuta hung'olewa, mahali pake pakawekwa kifaa kidogo cha ukutani kinachopokea joto la bomba la mtaani na kulipeleka vyumbani. Kaskazini, Nordby na Mårup, boila hutumia vipande vya mbao likisaidiwa na mita za mraba 2,500 za paneli zinazopasha maji kwa jua. Nyumba za mbali na mabomba zilijitegemea kwa pampu za joto au kuni.

Magari na feri viliendelea kunywa mafuta. Umeme wa baharini uliouzwa bara ndio uliofidia hesabu hiyo. Hilo lisemwe wazi.

Jambo la kuiga ni mpangilio: wenye nyumba waliandikishwa kwanza, mabomba yakafuata. Kenya ilifanya kinyume. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, iliyotengenezwa na Vestas ya Denmark, ilikuwa imesimama tayari 2017, ikakaa bure hadi 2018 ikingoja laini ya umeme ya kwenda Suswa. Mitambo yenyewe haikuwa na kasoro. Laini ndiyo haikuwa tayari, na ndiyo iliyopaswa kutangulia.