Mgeni na Mwenyeji katika Kajiado: Uhakiki wa Dhana ya Usilimisho

Wanafunzi wetu wanapohakiki riwaya zinazohusu watu waliohama kwao, aghalabu huazima neno moja kutoka kwa wanaisimu, nalo ni usilimisho. Katika fonolojia neno hili hutaja hali ya sauti moja kutwaa sifa za sauti jirani. Katika uhakiki hutaja hali ya jamii ndogo kuacha lugha na desturi zake na kufanana na jamii kubwa iliyoizunguka. Upande wa pili wa mizani huwekwa dhana ya wingi wa tamaduni, yaani kila jamii kubaki na yake huku zote zikiishi chini ya sheria moja. Mwanafunzi akishazipanga dhana hizi mbili, huona kazi imekwisha: kilichobaki ni kuamua mwandishi yuko upande gani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi haijaanza, na mfano utakaotumiwa ni Kitengela na Kajiado kwa jumla.

Yafaa turudi kwanza kwa wanafonolojia tuliowaazima neno, kwa sababu wao wana swali ambalo sisi tumelisahau. Mwanafonolojia haridhiki kuambiwa kwamba sauti mbili zimefanana. Huuliza ni ipi iliyobadilika. Katika ubavu na mbavu, kiambishi n- kinapokutana na shina -bavu, ni kiambishi kinachojigeuza kuwa m-, na shina hubaki kama lilivyokuwa. Lakini katika ulimi na ndimi kiambishi kilekile kinapofika, shina ndilo linaloacha l na kutwaa d. (Wapo wanaoliweka badiliko hili la pili katika mlango mwingine wa fonolojia, nami sitagombana nao hapa.) Katika jozi ya kwanza mgeni alimfuata mwenyeji, katika ya pili mwenyeji alibadilika kwa kuja kwa mgeni.

Nadharia tunazozifundisha hazina haja na swali hili, maana zilizaliwa katika nchi ambamo jibu lake lilionekana kuwa wazi. Wazo la chungu cha kuyeyushia mataifa lilipata umaarufu Marekani kutokana na tamthilia ya Israel Zangwill, The Melting Pot, ya mwaka 1908. Kanada nayo ilitangaza sera ya wingi wa tamaduni mwaka 1971, ikaitungia sheria mwaka 1988. Mabishano baina ya wazo la kwanza na la pili ni makali, nami nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo tuliyajadili karibu muhula mzima. Lakini ukiyatazama vizuri utaona ni mabishano baina ya wahamiaji waliotangulia na wahamiaji waliofuata. Wenyeji wenyewe, waliokuwapo kabla ya wote hao, hawamo chunguni wala mezani.

Will Kymlicka, katika kitabu chake cha 1995, Multicultural Citizenship, amejaribu kulitengeneza jambo hili kwa kutenganisha jamii ndogo za aina mbili: zile zilizokutwa katika ardhi yao na dola iliyokuja baadaye, na zile zilizotokana na watu waliohamia kwa hiari. Za kwanza, asema, zina haki ya ardhi na ya kujitawala kwa kiasi. Za pili zina haki ya kuheshimiwa desturi zao huku zikijiunga na jamii kubwa. Tofauti hii ni ya maana sana, na insha nyingi ninazosahihisha zingepona laiti ingetiliwa maanani. Hata hivyo yeye pia anamfikiria mhamiaji kama mtu anayefika akiwa mchache na mnyonge. Hamfikirii mhamiaji ambaye ni raia wa nchi hiyohiyo, aliyepanda basi asubuhi kutoka mji wa jirani, na ambaye akijumlishwa na wenziwe ni wengi kuliko mwenye nchi.

Huyo ndiye mhamiaji wa Kitengela. Jina la Kajiado latokana na Olkejuado, yaani mto mrefu; Ongata Rongai ni uwanda mwembamba; yote ni maneno ya Kimaa. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamasai waliondolewa kwanza katika Bonde la Ufa na kisha katika Laikipia, wakaambiwa nchi yao ni hii ya kusini. Sheria ya mwaka 1968 iliigawa nchi hiyo katika ranchi za vikundi, kila kikundi kikiwa na wawakilishi walioandikishiwa ardhi kwa niaba ya wanachama. Ranchi ya Kitengela ilikatwa vipande mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake. Miaka miwili baadaye ikatungwa sheria iliyozaa eneo la EPZ huko Athi River, ng'ambo tu ya mpaka, lenye viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje. Wafanyakazi wa viwanda hivyo walihitaji mahali pa kulala, na watu wa Nairobi walihitaji ploti za bei nafuu. Shamba la malisho likawa ploti za futi hamsini kwa mia.

Katika sensa ya 1999 watu wa Kajiado walikuwa 406,054. Katika ile ya 2019 walikuwa 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na 154,436. Mwaka huohuo Wamasai wote wa Kenya walihesabiwa kuwa 1,189,522, na wengi wao wako Narok na kwingineko. Msomaji anaweza kutoa hesabu hiyo mwenyewe. Na abiria wa matatu wameupa mji wa Ongata Rongai lakabu ya "Diaspora," kwa utani wa kwamba uko mbali kama ughaibuni. Utani huo una uketo kuliko waliouanzisha walivyokusudia, kwani kwa mwenyeji mahali hapo ni nyumbani, na anayepaita ughaibuni ndiye aliye wengi.

Wapo watakaosema kwamba mambo ndivyo yalivyokuwa siku zote, kwamba makabila yetu yamechanganyika tangu zamani. Ni kweli, na hapa ndipo historia inapotufaa. Mapema katika karne iliyopita, na hata baadaye, Wakikuyu wengi waliingia katika nchi ya Wamasai, hasa upande wa Ngong. Richard Waller ameeleza habari zao katika kitabu alichokihariri pamoja na Thomas Spear, Being Maasai, cha mwaka 1993. Baadhi yao walioa au kuolewa, wakajifunza Kimaa, watoto wao wakaingizwa katika rika, wakafuga. Wakawa Wamasai. Serikali ya kikoloni, iliyopenda kila kabila likae ndani ya mipaka yake, ilisumbuka nao, ikawaweka katika fungu la pekee la "waliokubaliwa." Neno hilo, ingawa ni la makarani, lina ukweli ndani yake: palikuwa na mtu wa kukubali. Usilimisho ulikuwapo, na ulikwenda kwa njia ya mbavu, mgeni akimfuata mwenyeji.

Ni nini basi kilichougeuza uende kwa njia ya ndimi? Sidhani kuwa ni nguvu za utamaduni wa mgeni, kana kwamba nyama choma na muziki wa baa vilishindana na desturi za rika vikashinda. Wala si wingi wa watu peke yake. Kilichogeuka ni mlango. Zamani mtu hakuweza kupata malisho wala maji bila ya kuwa mtu wa watu fulani. Ukoo, ndoa na rika ndivyo vilivyokuwa hati. Baada ya ugawaji mtu hupata ardhi kwa mwanasheria, na hana haja ya kujua jina la mto anaojenga kando yake. Anayenunua namna hiyo hasilimu wala hasilimishi mtu kwa kusudi. Anaishi tu. Kwa hiyo kuiita Kitengela mfano wa wingi wa tamaduni kwa sababu mna makanisa, misikiti, vioski vya lugha kumi na watu wasiopigana, ni kuita ujirani jina usilostahili.

Sasa tuzitazame riwaya. Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyotoka mwaka 2014, imesomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari. Mhusika wake Ridhaa ni mtoto wa familia iliyohamia, aliyebezwa shuleni kwa ugeni wake, akasoma, akawa daktari, akaendeleza mahali alipohamia. Kisha fujo za baada ya uchaguzi zikamwangamizia nyumba na jamaa, na aliyehusika ni jirani. Ni riwaya yenye huruma kubwa, na baada ya yaliyotokea Kenya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 ilikuwa lazima mtu aiandike. Lakini tazama jicho la riwaya lilipo. Tunajua vipi mhamiaji alivyofika, alivyosoma, alivyojenga na alivyofiwa. Jirani tunamwona akitenda. Historia yake katika ardhi hiyo hatuipati kwa kina kile. Simlaumu mwandishi, kwani riwaya haiwezi kulia kwa macho yote. Ninawalaumu wahakiki waliohitimisha kwamba dawa ya riwaya ni watu wote wasilimu katika utaifa mmoja, bila ya kuuliza utaifa huo unazungumza kwa sauti ya nani.

Mwenyeji amepata mwandishi wake, lakini kwa Kiingereza. Henry ole Kulet, aliyefariki mwaka 2021, aliandika juu ya Wamasai tangu Is It Possible? ya 1971. Katika Blossoms of the Savannah ya 2008, jamaa ya Ole Kaelo inahama Nakuru na kurejea Nasila, kwao kwa asili. Mabinti wawili, Taiyo na Resian, waliokulia mjini, wanafika nyumbani wakiwa wageni, na jamii inawataka wafanane nayo: wakeketwe, waozwe. Taiyo anakeketwa kwa hila, Resian anaokolewa. Hapa usilimisho unadaiwa na jamii ndogo, na unadaiwa kwa wembe. Anayetetea wingi wa tamaduni kwa kusema kila jamii iachiwe yake, lazima kwanza amjibu Resian. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ya kukataza ukeketaji imekwisha kumjibu, na kwa maoni yangu imemjibu sawasawa. Lakini ole Kulet hatumii uovu huo kama sababu ya kuwafuta Wamasai. Resian hakimbilii Nakuru. Anapata hifadhi kwa mwanamke wa Kimasai, katika shamba la mifugo. Mwandishi anataka jamii ibadilike ikiwa imesimama katika ardhi yake, kwa mikono ya watu wake. Hili ni jambo la tatu, ambalo halimo katika jozi ya dhana tuliyoanza nayo.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi walimu wa Kiswahili, nalo si la kufurahisha. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mahali penye mchanganyiko wa watu lugha hiyo imefahamika kuwa Kiswahili. Sera hiyo ni ya busara, nami mwenyewe nimeisifu darasani. Lakini iweke Kitengela uone inavyofanya kazi. Babu alipokuwa akichunga, lugha ya eneo ilikuwa Kimaa. Jirani zake walipouza na watu wakajenga, eneo likawa la mchanganyiko. Mjukuu, aliyezaliwa katika ardhi ileile, anaingia shule na kuambiwa lugha ya hapo ni Kiswahili. Hakuna aliyekusudia kumnyang'anya chochote. Kiswahili, ambacho tumezoea kukisifu kuwa hakina kabila, kimefanya kazi ya usilimisho kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa na kabila: hakuna wa kumlalamikia. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inayotaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa ndiyo inayoiagiza dola kulinda na kuendeleza lugha nyingine za nchi.

Angalia pia tulichochukua kutoka Kimaa. Tuna morani, manyata, laiboni: shujaa, kijiji chake na mganga wake, picha tatu za kadi ya posta. Maneno ya kazi hatukuyachukua. Olokeri, malisho ya karibu na boma yanayotengewa ndama ili wasitembee mbali wakati wa kiangazi, halina nafasi katika Kiswahili chetu, ingawa tunaandika vitabu juu ya hifadhi ya mazingira. Wala osotua, ambalo kwa asili ni mrija wa kitovu, na kwa maana yake pana ni uhusiano wa watu wawili ambao mmoja akipungukiwa huomba, na mwenziwe akiwa nacho hutoa, bila ya kuhesabiana deni. Waliofasiri Biblia kwa Kimaa walilijua neno hilo lina uzito, ndiyo maana Agano Jipya wakaliita Osotua Ng'ejuk. Sisi tunaotafuta istilahi za utangamano tumelipita tukaenda kutafuta maneno Kanada.

Haitoshi kusema kwamba vifaa havipo. Hollis alichapisha kitabu chake juu ya lugha na masimulizi ya Wamasai mwaka 1905. Sarufi ya Tucker na Tompo ole Mpaayei ilitoka 1955. Kamusi ya Frans Mol ilitoka 1978. Mtaala wa Umilisi nao umeacha nafasi ya lugha za kiasili katika madarasa ya mwanzo. Kwa hiyo inawezekana katika shule za Kitengela Kimaa kikawa somo, Kiswahili kikiendelea kufundishia, na somo hilo likawa la watoto wote, si la Wamasai peke yao. Mzazi aliyenunua ploti atauliza mtoto wake atakitumia wapi Kimaa. Aanze na jina la mji ulioandikwa katika hati yake ya ardhi.