Maria wa San Ildefonso na Vyungu Vyake Vyeusi

Katika vyungu vyeusi vya Maria Martinez, kazi iliyodai subira kuliko zote ilikuwa kusugua. Chungu kikishakauka na kukwanguliwa kikawa laini, alikipaka tope jembamba, na tope likiwa bado bichi akaanza kulisugua kwa kijiwe laini cha mtoni. Hapo hakuna kupumzika. Ukiinuka kuitikia hodi, tope linakauka, kijiwe kinakwaruza, na pengine ukwangue yote uanze upya. Saa nzima, mara nyingine saa kadhaa, mkono unakwenda na kurudi mpaka udongo unang'aa kama kioo, bila tone la vanishi. Vijiwe vyenyewe ni mali ya ukoo. Mama humwachia binti.

Maria alizaliwa karibu na mwaka 1887 katika kijiji cha San Ildefonso, New Mexico, kwa watu wa Tewa, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani. Ufinyanzi aliupata utotoni kwa kumtazama Nicolasa, mama mmoja wa ukoo wao. Gurudumu la mfinyanzi hakulitumia. Alianza na kitako, akapandisha kamba moja ya udongo juu ya nyingine, akazibana kwa vidole mpaka zikashikana, kisha akasawazisha kwa vipande vya kibuyu. Wafinyanzi wa kwetu wangemwelewa bila mkalimani. Udongo aliuchanganya na majivu ya volkano, na kabla ya kuuchimba alinyunyiza unga wa mahindi kuishukuru ardhi.

Mumewe, Julian, ndiye aliyechora. Walioana mwaka 1904, na karibu na mwaka 1919 wakagundua jambo lililowapa sifa duniani: Julian akichora kwa tope juu ya chungu kilichokwisha kung'arishwa, palipochorwa panafifia na pengine panabaki paking'aa. Nyoka wa maji anajipinda kwenye bega la chungu, mweusi juu ya weusi, na humwoni sawasawa mpaka ukigeuze chungu kwenye mwanga.

Weusi wenyewe haukupakwa. Vyungu vilipangwa uwanjani juu ya kichanja cha chuma, kuni chini, mavi makavu ya ng'ombe yakavizunguka na kuvifunika. Kama moto ungeachwa uwake hadi mwisho, vingetoka vyekundu. Wao, moto ukishakolea, waliufukia kwa samadi ya farasi iliyopondwa laini. Hewa ikakatika, moshi ukakosa pa kutokea, ukaingia ndani ya udongo na kukaa humo. Hapo ndipo ninapostaajabu zaidi: siku nyingi za kufinyanga na kusugua zinawekwa chini ya rundo la samadi, na mwenye kazi hana la kufanya ila kungoja. Upepo ukivuma vibaya, chungu kinapasuka au kinatoka na madoa.

Wageni walipoanza kuvitafuta vyungu hivyo kwa bei nzuri, Maria angeweza kuuficha ujuzi huo nyumbani kwake. Aliwafundisha wanawake wenzake, na kijiji kilichotegemea kilimo kikapata riziki nyingine katika ufinyanzi. Wanawe na wajukuu walikua wakicheza pembeni ya udongo. Julian alipofariki mwaka 1943, mkamwana wake Santana akashika kazi ya kuchora; miaka ya 1950 ikawa zamu ya Popovi Da, mwana wa Maria, na baadaye Tony Da, mjukuu wa Maria, naye akawa mfinyanzi mwenye jina. Ukivipindua vyungu utaona majina yakibadilika: Marie na Julian, Marie na Santana, Maria na Popovi. Huyu mama hakuona haya kuandika jina la mtu mwingine kando ya lake.

Alifanya jambo jingine ambalo hadi leo linawasumbua wakusanyaji wa vyungu. Alipoona chungu chenye jina lake kinanunuliwa upesi kuliko cha jirani, alikubali kuandika jina lake kwenye vyungu vya majirani pia. Alifariki mwaka 1980, na vipo vyungu vya zamani vyenye saini yake ambavyo hakuna awezaye kuapa vilifinyangwa na nani. Kwa mwenye kununua, huo ni mkanganyiko. Kwa maoni yangu, hakuna chungu alichokifinyanga kinachomsifu kuliko hivyo ambavyo hakuvifinyanga.