Koo la Mmaasai na hip hop ya Arusha

Ukitaka kujua kama jadi imeingia ndani ya wimbo au imebandikwa tu juu yake, iondoe, kisha usikilize kilichobaki. Kwa kipimo hicho, naona kundi la X Plastaz la Arusha lilifaulu katika albamu yake ya mwaka 2004, Maasai Hip Hop. Uimbaji wa Kimaasai hautegemei ngoma: olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, huanzisha, na wenzake humwitikia kwa mikoromo mizito inayojirudia, miili ikienda na mpigo uleule. Koo ndilo ngoma. Kwa hiyo Merege, mwimbaji Mmaasai wa kundi hilo, hakuhitaji kulainishwa ili akubaliane na biti. Sauti yake inabeba mdundo, na mistari ya Kiswahili inapita juu yake.

Wapo watakaosema kazi hii ilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu, kwani lebo iliyoitoa, Outhere, ni ya Ujerumani, na pale Arusha Mmaasai ameshageuzwa nembo ya kuuzia safari na shanga. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mnunuzi habadilishi namna wimbo ulivyojengwa. Mfano ni Poland: tarehe 1 Machi 1794 ilionyeshwa mjini Warszawa opera ya Wojciech Bogusławski juu ya wanakijiji wa Kraków na watu wa milimani. Muziki wake, uliojaa ngoma za vijijini, ulitungwa na Jan Stefani, mzaliwa wa Prague. Ugeni wake haukuwazuia Wapolandi kujitambua humo: opera ilipigwa marufuku baada ya maonyesho 3, na mwezi huohuo uasi wa Kościuszko wa kupigania uhuru wa Poland ukaanza.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba Wamaasai ni kabila moja, si taifa zima kama Wapolandi. Msanii Mr. Ebbo, katika wimbo "Mi Mmasai", alilijibu kwa kuimba Kiswahili chenye lafudhi ya Kimaasai, na nchi nzima ikamwelewa. Ila jadi ilibaki kwenye matamshi, na wengi waliishia kucheka. X Plastaz walikwenda mbali zaidi, kwa kuacha Kiswahili kiseme na Kimaasai kiendeshe. Lakini miteremko ya Mlima Meru, hapo Arusha, ina Wameru pia, wenye lugha yao ya Kirwa na nyimbo zao, na hao hawasikiki kabisa katika hesabu hii. Maprodyuza wa Arusha, pandeni huko mkarekodi waimbaji wakiwa pamoja, mwanzishaji na waitikiaji wake, kabla hamjachagua biti.