Bei ya sekunde tano

Duara, yaani shimo la wachimbaji, linapotoa mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya ukanda wa Bugarama, kinachogawanywa kwanza si pesa, ni mifuko. Mwenye leseni ana mifuko yake, mwenye duara ana yake, aliyegharamia chakula, dizeli na matimba ana yake, na walioshuka chini na kupandisha mzigo wanagawana inayobaki kwa mpango ulioafikiwa kabla kamba haijateremshwa. Ardhi, mtaji, jasho na hatari ni vitu visivyofanana hata kidogo, lakini vyote vimepatiwa kipimo kimoja kinachohesabika mbele ya macho ya kila mtu. Ndiyo sababu siku ya mgao hakuna anayekaa mbali, hata yule ambaye wiki nzima hakushika sururu. Anayeuelewa mgao huo ameshaelewa nusu ya siri ya nyumba moja ya michezo iliyofunguliwa London mwaka 2016, nyumba iliyozaliwa na kipindi cha televisheni. Naamini wengi walioisifu walisifu kuta zake na kuacha kilichoisimamisha.

Kipindi chenyewe ni The Crystal Maze, kilichoanza kurushwa na Channel 4 ya Uingereza mnamo Februari 1990. Wazo lilitoka kwa Mfaransa Jacques Antoine, mbunifu wa Fort Boyard, na nia ya awali ilikuwa Waingereza wapate toleo lao la mchezo ule wa ngome ya baharini. Ngome haikupatikana kwa kurekodia, kwa hiyo wakajijengea dunia yao studioni, kwa michoro ya James Dillon: kanda nne zenye sura za Waazteki, za viwanda, za Enzi za Kati na za wakati ujao. Timu ya watu sita ilipita ukanda mmoja baada ya mwingine. Nahodha alimchagua mtu mmoja kuingia chumbani, akachagua na aina ya mchezo: wa nguvu, wa ustadi, wa akili au wa fumbo. Dakika mbili, mbili na nusu au tatu, na mle ndani kuna fuwele. Ukiitoa kabla muda haujaisha, timu imepata. Ukichelewa, mlango unafungwa nawe umo, na wenzako wakitaka utoke hawana budi kulipa fuwele moja waliyokwisha kuichuma. Mwishoni wote waliosalia huingia ndani ya kuba la kioo, feni zinapuliza vipande vya karatasi vya rangi ya dhahabu na fedha, nao wanavidaka hewani. Kila fuwele imewanunulia sekunde tano za kudaka. Za dhahabu zinahesabiwa, za fedha zinatolewa, na kilichotakiwa ni mia moja.

Mwaka 2015 kampuni ya Little Lion Entertainment ilichangisha fedha kwa umma kupitia mtandao ili kuigeuza hadithi hiyo iwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kukata tiketi na kuingia. Lengo lilikuwa pauni 500,000, zikapatikana zaidi ya 900,000. Milango ilifunguliwa Islington, London, Machi 2016, na mwaka uliofuata Manchester ikapata ya kwake. Timu huwa na watu hadi wanane, na kila moja hukabidhiwa kiongozi aliyevaa kiigizaji, anayekaa kwenye nafasi aliyokuwa nayo mtangazaji Richard O'Brien kwenye runinga.

Hapo ndipo kulipokuwa na tatizo la kiufundi ambalo mtazamaji wa nyumbani hawezi kuliona. Mchezo ule, kwa asili yake, humwingiza chumbani mtu mmoja kwa wakati. Kwenye runinga hilo halidhuru chochote, kwa kuwa watano waliobaki nje hawakulipa, na anayetakiwa kufurahishwa ni mtu aliye sebuleni kwake ambaye kamera inampeleka hadi ndani. Lakini watu wanane wakishakata tiketi, hesabu inageuka. Mmoja akicheza, saba wamesimama. Kwa wastani kila mteja anacheza sehemu moja tu ya nane ya muda alioununua, na sehemu saba anangoja. Mfanyabiashara wa kawaida angekimbilia kuongeza vyumba, au kugeuza michezo yote iwe ya watu wengi kwa pamoja, na kwa kufanya hivyo angekuwa ameua kitu kilicholeta watu pale. Waliojenga Crystal Maze ya London waliacha kanuni ya mtu mmoja ibaki kuwa msingi, na nadhani walifanya hivyo kwa sababu walitambua kwamba kanuni nyingine ya zamani ilikuwa tayari imelitibu tatizo hilo: sekunde tano.

Fikiri yanayompata huyo aliyesimama dirishani. Mwenzake aliye ndani anahangaika na uzito na kapi, na kila anachokosea kinapunguza muda ambao yeye, wa dirishani, atakuwa nao ndani ya kuba. Anachotazama ni mali yake ikichumwa au ikipotea. Ndiyo sababu anapiga kelele, anaelekeza, anahesabu sekunde kwa sauti, na mara nyingi anaona suluhisho kabla ya yule wa ndani, kwa kuwa jicho lililo mbali na joto la kazi huona vizuri zaidi. Madirisha na nondo za vyumba vile basi ni sehemu ya mtambo wenyewe. Chumba kisichoonekana kutoka nje kingekuwa kimewaibia watu saba tiketi zao. Alama za kawaida za chemshabongo haziwezi kufanya kazi hiyo. Alama kumi ni namba ubaoni, hazigeuki kuwa kitu. Fuwele inashikika mkononi, inabebwa kutoka ukanda hadi ukanda, na mwishoni inageuka kuwa muda wa watu wote.

Bei ya mlango uliofungwa ndiyo inayoonyesha ubora wa kanuni hiyo kuliko kitu kingine. Mwenzako amefungiwa. Kumkomboa ni fuwele moja, yaani sekunde tano. Kumwacha ni kuingia kubani mkiwa na mikono miwili pungufu. Ipi ni ghali? Tuseme timu ya wanane ina fuwele sita. Wakimkomboa, wataingia wanane kwa sekunde 25, jumla ya sekunde 200 za mikono ya kudaka. Wakimwacha, wataingia saba kwa sekunde 30, jumla 210. Kwa hesabu kavu, kumwacha kuna faida kidogo. Wakiwa na fuwele tisa mambo yanageuka: wanane kwa sekunde 40 ni 320, saba kwa sekunde 45 ni 315. Yaani kadiri timu inavyokuwa na mali, ndivyo utu unavyokuwa nafuu, na timu maskini ndiyo inayolazimika kuuliza kwa uchungu kama inaweza kumudu kumtoa mtu wake. Hakuna mwongozo unaoeleza jambo hilo, na hakuna haja. Watu wanane wamesimama mbele ya mlango, muda unakwenda, na nahodha lazima aseme neno. Mchezo unaoweza kuibua swali la namna hiyo kwa kipimo kimoja tu umesanifiwa kwa akili kubwa.

Kipimo hichohicho ndicho kinachoiwezesha nyumba kuendesha biashara. Studioni mtu anaweza kusimamisha kamera, akarudisha mipira kwenye sanduku, akakausha sakafu, akaanza tena. Pia televisheni huwachuja washiriki kabla hawajaingia. Nyumba ya tiketi inapokea yeyote aliyelipa, mrefu na mfupi, mwepesi na mwenye goti bovu, na nyuma yake kuna timu nyingine tayari mlangoni. Suluhisho la London lilikuwa kuingiza timu nne kwa pamoja, watu hadi 32, kila timu ikianzia ukanda wake, kisha zote zinazunguka. Kwa gurudumu la namna hiyo, ukanda mmoja ukichelewa, zote nne zinakwama. Kwa hiyo kinachopaswa kuwa sawa kwa kila timu ni muda wa kukaa kwenye ukanda, na idadi ya michezo iachwe huru. Timu hodari itatoka na fuwele nyingi, timu nzito na chache, lakini zote zitatoka kwa wakati uleule. Tofauti ya uwezo imehamishwa kutoka kwenye ratiba, ambako ingeleta foleni, ikapelekwa kwenye mfuko wa fuwele, ambako inaleta msisimko. Kiongozi aliyevaa kiigizaji, anayechekesha na kuhimiza, kikazi ni mtunza saa. Utani wake unaziba dakika ya kusubiri mlango ufunguke, na maneno yake ya kuharakisha yanawatoa watu chumbani bila kuwafanya wajione wamefukuzwa.

Kuna watakaosema ninaipa kanuni sifa isiyo yake, kwamba nyumba ile ilijazwa na kumbukumbu. Waliotazama kipindi wakiwa watoto mwaka 1991 walikuwa na mishahara mwaka 2016, wakachanga kabla ukuta haujasimama kwa sababu walitaka kuugusa utoto wao. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu mchango wa mwanzo, na sioni haya kuikubali. Lakini kumbukumbu haielezi kwa nini mchezo ulibaki kuwa uleule wakati karibu kila kitu kinachokumbukwa kilibadilika. O'Brien aliondoka baada ya mfululizo wa 1993, na Ed Tudor-Pole akaendelea hadi 1995. Ukanda wa viwanda ulishaondolewa ukawekwa wa bahari. Watu sita wakawa wanane. Na mwaka 2016 mto ulirudi nyuma: kipindi maalumu cha kuchangia mapambano dhidi ya saratani, kikiongozwa na Stephen Merchant, kilirekodiwa ndani ya nyumba ileile ya wateja, kisha mwaka 2017 mfululizo kamili ukarejea na Richard Ayoade. Mtoto alimfufua mzazi. Kilichopita salama katika mabadiliko yote hayo ni fuwele, sekunde tano, mlango na kuba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: juhudi yote ya saa nzima inaishia kwenye feni na karatasi zinazopeperuka, na huko bahati ndiyo inayotawala. Kwa mwanahisabati wa mezani hiyo ni kasoro. Sidhani kama mchimbaji wa Bugarama angeiona hivyo. Mfuko wa mawe nao hauna thamani inayojulikana hadi usagwe karashani na mchanga wake uoshwe. Watu wawili wenye mifuko kumi kumi wanaweza kuondoka mmoja na pikipiki na mwingine na deni. Bado hakuna anayesema kuchimba mifuko mingi ni bure. Kazi hununua nafasi, na nafasi nyingi zaidi ni haki ya aliyefanya kazi zaidi. Kuba limejengwa kwa mantiki hiyohiyo, na linaipatia timu dhaifu sababu ya kutokata tamaa ikiwa ukanda wa tatu.

Wengine watasema kitu cha namna hiyo ni cha miji yenye pauni laki tisa. Nyumba ndiyo ya pesa nyingi, kanuni haina gharama. Usukumani swali la mtazamaji asiye na kazi lilijibiwa karne iliyopita na ile kabla yake, bila kioo na bila umeme. Kwenye mashindano ya mbina, yaani ngoma, kati ya makundi ya Bagika na Bagalu, yale ambayo hadi leo huvuta umati Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na umati uko huru kuhama. Upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Mtazamaji pale ni yeye mwenyewe kipimo, miguu yake ndiyo kura, na kila kundi huandaa vituko, nyoka, vinyago na dawa ili kuinunua miguu hiyo. Kama wabunifu wa Crystal Maze walimfunga mtazamaji kwa kumpa hisa, Wasukuma walimfunga kwa kumpa uamuzi. Yeyote atakayejenga mashindano ya timu Kahama au Geita ana shule nzuri kabisa hapo jirani.

Kitu kimoja cha London hakifai kuletwa huku kama kilivyo, nacho ni mlango wa kufungiwa. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, mwenzao mmoja akiwa amefia chini. Januari 2017 huko Nyarugusu, Geita, watu 15 walitolewa wazima baada ya kukaa siku kadhaa chini ya udongo ulioporomoka. Katika eneo ambalo neno kufungiwa lina majina na makaburi, kuligeuza kuwa kichekesho cha Jumapili ni kukosa adabu kwa waliosubiri mdomoni mwa duara wakisikiliza. Na hapa hoja yangu inapata mtihani wake halisi. Ondoa komeo. Aliyeshindwa atoke nje salama, lakini jina lake ligeuzwe ubaoni, akae kwenye benchi mbele ya wenzake, asiguse mchezo wala asiingie kubani hadi timu ilipe fuwele moja. Nahodha bado ana sekunde tano mkononi na mtu wake yuko mbele yake, anamtazama. Hesabu ya 200 dhidi ya 210 haijabadilika hata tarakimu moja.