Mkimbiaji Anapojisimulia: Maoni ya Wasomaji juu ya Tawasifu ya Caster Semenya

Utangulizi

Tawasifu za wanamichezo huhesabiwa na wahakiki wengi kuwa maandishi ya daraja la chini. Hudhaniwa kuwa ni orodha ya mashindano, medali na shukrani, na kwa sababu hiyo machapisho ya taaluma yetu huzipita kimya. Makala haya yanakusudia kujadili kitabu kimoja ambacho hakistahili kupitwa namna hiyo. Kitabu chenyewe ni The Race to Be Myself, jina tunaloweza kulifasiri kuwa Mbio za Kuwa Mimi Mwenyewe, kilichotungwa na mkimbiaji wa Afrika Kusini, Mokgadi Caster Semenya, na kutolewa mwaka 2023. Pamoja na kitabu, tutachunguza maoni ya wasomaji wake, kwani maoni hayo yamekinzana kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kama wote walisoma kitabu kimoja.

Hoja yetu ni kwamba wasomaji wengi wamekisoma kitabu hiki kama jalada la kesi, wakatoa hukumu, na kwa kufanya hivyo wakakiacha kitabu chenyewe bila kuhakikiwa. Tutajaribu kuonyesha pia kwamba msomaji wa Kiswahili ana jambo la kuchangia katika mjadala huu, hasa msomaji wa Beni, Butembo au Kamango, anayeishi kila siku baina ya lugha mbalimbali.

Mkasa na kitabu

Kisa ni mashuhuri, lakini yafaa kukumbushwa kwa ufupi. Semenya alizaliwa mwaka 1991 katika kijiji cha Ga-Masehlong, mkoa wa Limpopo. Tarehe 19 Agosti 2009, mjini Berlin, alishinda ubingwa wa dunia wa mita 800 kwa dakika 1:55.45, akiwa na umri wa miaka 18. Nyuma yake, kwa zaidi ya sekunde mbili, alikuja Janeth Jepkosgei wa Kenya, aliyekuwa akiutetea ubingwa wa mwaka 2007. Siku hiyohiyo ulimwengu ulikwisha kuambiwa kwamba msichana huyo alikuwa akichunguzwa ili ijulikane kama kweli ni mwanamke. Aliruhusiwa kurudi uwanjani mwaka 2010, huku akimeza dawa za kupunguza homoni ya testosteroni, na aliendelea nazo mpaka mwaka 2015. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka 2018 Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilitoa kanuni mpya zilizowataka wanawake wa hali yake kupunguza homoni hiyo kama wanataka kushindana katika mbio za mita 400 hadi maili moja. Semenya alikataa. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimshinda tarehe 1 Mei 2019, ingawa yenyewe ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi. Ilisema ubaguzi huo ni wa lazima na una kiasi. Mahakama kuu ya Uswisi ilikataa rufaa yake mwaka 2020. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi Julai 2023 kwa kura nne dhidi ya tatu. Tarehe 10 Julai 2025 Baraza Kuu la mahakama hiyo lilitamka kwamba Uswisi haikumpa haki ya kusikilizwa ipasavyo, lakini halikuamua juu ya madai yake ya ubaguzi.

Kitabu kilitoka kati ya hukumu hizo mbili za Ulaya, na huenda hilo ndilo lililowafanya wasomaji wakishike kama ushahidi uliochelewa kufika mahakamani. Ndani yake mwandishi anasimulia utoto wa kijijini na mpira wa miguu aliocheza na wavulana. Anasimulia uchunguzi aliofanyiwa na jinsi alivyopata kujua kwamba hana mji wa mimba na kwamba ana korodani zilizobaki ndani ya mwili. Anasimulia mateso ya dawa na ndoa yake na Violet Raseboya. Ni mambo mazito, na anayataja kwa lugha ya mkato isiyotafuta mapambo.

Makundi manne ya maoni

Maoni ya wasomaji yaweza kupangwa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni la wale wanaokisifu kitabu kwa ujasiri wake. Kwao, thamani ya tawasifu hii ni kwamba aliyesemwa kwa muda wa miaka kumi na minne hatimaye amesema. Sifa hii ni ya haki, lakini haitoshi. Ujasiri ni tabia ya mtu. Mhakiki anapaswa kuonyesha jinsi tabia hiyo inavyogeuka kuwa sifa ya maandishi. Kwa maoni yetu, yanayoonekana katika maandishi ni kukataa kuomba huruma. Mwandishi anataja aibu aliyotendewa kisha anaendelea na safari, kama mkimbiaji apitaye alama ya uwanjani bila kugeuza shingo.

Kundi la pili linadai haki ya washindani. Husema: kitabu kinatufanya tumpende, lakini je, waliokimbia nyuma yake? Swali hili halipaswi kudharauliwa. Huko Rio mshindi wa nne, Melissa Bishop wa Kanada, aliikosa medali ya shaba kwa sehemu 13 tu za mia za sekunde. Naye alikuwa amefanya mazoezi kwa miaka mingi. Hapa tunakutana na mpaka wa fani yenyewe. Usimulizi wa nafsi ya kwanza hauwezi kuingia moyoni mwa aliyeshindwa. Unaweza kumwona kwa nje tu. Msomaji anayetaka kuamua kama kanuni ni za haki asitegemee tawasifu peke yake, wala asiilaumu tawasifu kwa kutokuwa hukumu.

Kundi la tatu limetoka upande usiotarajiwa. Ni wale wanaotetea watu waliozaliwa na maumbile yasiyoingia waziwazi katika uke au uume. Baadhi yao walitamani mwandishi ajitangaze kuwa mmoja wao. Yeye anakataa jina hilo. Anasema ni mwanamke, ila mwanamke wa namna tofauti. Wapo waliouona msimamo huu kuwa ni kuikana jumuiya inayomhitaji. Sisi tunauona kuwa ndio moyo wa kitabu. Mtu aliyepachikwa majina na madaktari, viongozi na magazeti anadai kubaki na jina moja alilokua nalo. Anayemtaka akubali jina jipya, hata kwa nia njema, anarudia kitendo kilekile ambacho kitabu kinakilalamikia.

Kundi la nne linalaumu fani: kwamba hasira imezidi, na kwamba kujitetea kunarudiwarudiwa. Lawama hii ina ukweli. Ziko sehemu ambapo mwandishi anajibu shutuma ambayo msomaji hakuitoa, na hapo mwendo wa masimulizi hupungua. Hata hivyo marudio hayo yana asili yake. Aliyehojiwa swali moja kwa miaka mingi huzoea kulijibu hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Ni kasoro ya kitabu, na wakati huohuo ni alama ya maisha yaliyokizaa.

Nafsi ya tatu na lugha zetu

Sasa tufikie jambo ambalo wasomaji wa Ulaya na Marekani wasingeweza kuliona kwa urahisi. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha inayomlazimisha msemaji kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume kila anapomtaja mtu. Katika lugha hiyo, matusi mengi dhidi ya Semenya hayakuhitaji tusi: ilitosha kukosea kiwakilishi kwa makusudi. Lakini Sepedi, lugha aliyokulia, ni ya Kibantu kama Kiswahili na Kinande. Katika lugha hizi mtu ni mtu wa ngeli ya kwanza. Alikimbia, alishinda, alilia: kiambishi hakiulizi jinsia.

Mtu aweza kuharakisha kusema kwamba lugha zetu ni za haki zaidi. Tusijisifu upesi. Kiswahili huacha kiambishi kiwe huru, kisha huweka mpaka mahali pengine. Tuna neno jikedume, linalomtoa mwanamke katika ngeli ya watu na kumweka pamoja na wanyama wa zizini. Tuna ukuzaji wa kudunisha, ambao kwa silabi moja humgeuza mtu kuwa kitu kikubwa cha kuchekesha. Wasomaji wetu waliosomeshwa kwa Kifaransa wanao pia msemo wa lugha hiyo unaomwita msichana wa aina hii mvulana aliyekosa kukamilika. Kifaransa kinamwona kama mwanamume pungufu, Kiswahili kama jike lililozidi. Tofauti ni ya njia tu. Dharau ni moja.

Majina nayo hayako kimya. Kwa Wanande wa Beni na Butembo mtoto hupewa jina kwa kufuata jinsia na zamu ya kuzaliwa: Paluku ni mvulana wa kwanza, Masika ni msichana wa kwanza. Anayeitwa Masika ametangazwa kuwa msichana mbele ya ukoo mzima tangu siku zake za mwanzo, na hakuna maabara iliyoombwa kibali. Desturi hii inatusaidia kuelewa hoja ya Semenya bora kuliko maelezo marefu. Anaposema kwamba kwao alikuwa msichana, hadai siri ya moyoni. Anataja jambo la hadhara, lililokubaliwa na mama, bibi na majirani, ambalo shirika la mbali lilikuja kulibatilisha.

Tatizo la mfasiri linaonekana hapa wazi. Pwani lipo neno huntha, lenye asili ya Kiarabu, ambalo lingeweza kutumika kwa urahisi. Lakini kulitumia ni kumrudishia mwandishi jina alilolikataa. Mfasiri mwaminifu atalazimika kueleza maumbile kwa maneno ya kawaida, kama mwandishi mwenyewe anavyofanya, na kuacha neno mwanamke lisimame mahali alipoliweka.

Tawasifu ambazo hazijaandikwa

Jukwaa la Rio lilikuwa la Waafrika watatu. Pembeni mwa Semenya walisimama Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni za 2018 ziliwagusa wote watatu. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 aliweka rekodi ya dunia ya mita 2000, iliyodumu hadi 2024. Mwaka 2023 kanuni zikakazwa na kupanuliwa kwa mbio zote. Annet Negesa wa Uganda alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba mwaka 2012 alifanyiwa upasuaji ambao hakuelezwa barabara maana yake. Shirikisho lilikana kuhusika. Wawili kati ya hawa wanatoka katika nchi zinazopakana na Kongo, na mkasa wao umetufikia zaidi kupitia kalamu za watu wengine.

Fasihi ya Kiswahili inalifahamu jambo hili. Shaaban Robert aliandika maisha yake mwenyewe, na ndiye pia aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mwanamume ana tawasifu. Mwanamke mwimbaji, pamoja na ukubwa wake wote, ana wasifu. Kati ya maneno hayo mawili kuna silabi moja tu, lakini silabi hiyo ndiyo inayoamua nani ameshika kalamu.

Kwa watu wa Kamango hili si suala la darasani tu. Julai 2013, baada ya shambulio la waasi wa ADF, makumi ya maelfu ya wakazi wa eneo hilo walivuka mpaka na kuingia Bundibugyo, nchini Uganda. Wakahesabiwa, wakagawanywa kwa umri na jinsia, wakaingia katika ripoti. Ripoti hizo zilikuwa na manufaa yake, kwa kuwa bila orodha hakuna chakula. Lakini aliyeorodheshwa bado hajasimulia. Msomaji aliyepitia hayo ataelewa kwa nini mwanamke mwenye medali mbili za dhahabu za Olimpiki aliona haja ya kukaa chini na kuandika maisha yake tangu kijijini.

Hitimisho

Tumeona kwamba maoni ya wasomaji juu ya tawasifu hii yamegawanyika kwa sababu kila kundi limekiuliza kitabu swali lake: la ujasiri, la haki ya washindani, la jumuiya, au la ufundi. Maswali yote ni halali. Kosa huanza pale swali la mahakama linapofanywa kuwa swali pekee la fasihi. Mahakama zimesema, na huenda zikasema tena. Kanuni zimebadilika, na huenda zikabadilika tena. Sauti inayosimulia katika kitabu haitegemei hukumu hizo ili iwe sauti ya mtu.

Tunapendekeza kitabu hiki kifasiriwe kwa Kiswahili, na kifasiriwe na mtu anayejua pia lugha moja ya Kibantu ya nyumbani, iwe Kinande, Kitalinga au nyingine. Wanafunzi wa tafsiri watajifunza humo, kuliko katika mazoezi mengi ya darasani, kwamba kuchagua neno la kumwita mtu ni kumfungulia mlango au kumfungia. Na msichana wa Kamango mwenye miguu yenye nguvu kuliko ya kaka zake atapata walau kitabu kimoja, katika lugha anayoisikia sokoni, ambamo anaitwa msichana.