Karanga Njema ya Kadutu na Namna ya Kuitambua

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima vya kando ya Ziwa Kivu, kwenye kimo kinachokaribia mita 1,500, na kwa kuwa baridi ya huko haiipendezi karanga, nyingi zinazouzwa katika soko la Kadutu hupandishwa kutoka nchi za joto, hususan uwanda wa Ruzizi. Mnunuzi mwenye maarifa hashughuliki na ukubwa wa punje wala wingi wa fungu. Hutafuta ukavu kwanza, madhali aibu za karanga aghalabu huzaliwa na unyevu.

Zikiwa bado na maganda, twaa moja uitikise sikioni: ikilia, punje imekauka na kuachana na ganda. Kisha ivunje utazame upande wa ndani wa ganda, kwani iliyokomaa ardhini hufanya weusi pale, hali iliyong'olewa kabla ya wakati hubaki nyeupe, na punje yake ikikauka hunywea na kujaa makunyanzi.

Zikiwa zimekwisha menywa, usiridhike na zile za juu ya beseni, ambazo huenda zimechaguliwa kwa ajili ya macho tu. Sema kwa adabu, "Mama, naomba nione za chini," na muuzaji mwaminifu hatakasirika. Muulize pia zilianikwa juu ya turubai au juu ya udongo mtupu. Iume moja: kavu hukatika kwa mlio, yenye maji hubonyea. Inuse, kwa maana karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta yaliyochacha hayafichiki.

Hadhari kubwa iwe juu ya ukungu wa kijani na manjano. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa chakula chenye karanga zilizoingia ukungu wa namna hiyo, na ndipo wataalamu wakaitambua sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kukaanga hakuimalizi yote.

Kwa sababu hiyo, unga wa karanga usioujua asili yake uache, kwani kinu husitiri kila kasoro. Nunua punje nzima, zichambue kwenye ungo, zikaange kwa moto mdogo, usage mwenyewe za kutia katika sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo. Na utakayoionja ukaikuta chungu, iteme, wala usiimeze kwa kuzionea huruma fedha zako.